Abiria wa Keroka na Mwisho wa Nguruwe

Sinema ya katuni ya mwaka 1954 iliyotokana na kitabu cha George Orwell, kile ambacho Fortunatus Kawegere alitutafsiria mwaka 1967 kikaitwa Shamba la Wanyama, ina urefu wa dakika 72. Safari ya matatu kutoka Bomet hadi Kisii, kwa dereva mwenye subira na abiria wa kushukashuka, haipishani sana na muda huo. Hesabu hii ndogo ingeweza kumaliza ubishi juu ya mwisho wa filamu hiyo, ubishi ambao wahakiki wameukokota kwa miaka sabini. Tuseme makanga ameiweka filamu hiyo kwenye skrini gari linapoiacha Bomet. Wa Sotik atashuka wanyama wamemtimua Jones, mwenye shamba, na wanashangilia, asijue maziwa yalikwenda wapi. Wa Chebilat atashuka nguruwe Snowball akifukuzwa na mbwa. Wa Keroka atashuhudia farasi Boxer akipakiwa kwenye gari la mchinjaji, na atateremka akiwa ameshika kichwa, mfuko wake wa viazi umebaki chini ya kiti. Ni wa Kisii mjini peke yake atakayefika mwisho wa hadithi. Nami nasema kwamba huyo aliyelipa nauli kubwa kuliko wote ndiye aliyeibiwa.

Tuanze na mali iliyoibwa. Kitabu kilitoka Agosti 1945, na kinaishia dirishani: wanyama wamesimama nje usiku, ndani nguruwe na binadamu wanacheza karata na kugombana, na waliosimama nje wakitazama hawawezi tena kutofautisha sura ya huyu na ya yule. Hapo Orwell anafunga kitabu na kwenda zake. Filamu ya John Halas na Joy Batchelor haikukubali. Ndani ya nyumba binadamu wameondolewa, wamebaki nguruwe watupu, na nje punda Benjamin anawaongoza wenzake kuivamia nyumba na kuwapindua. Leo inajulikana kwamba fedha za filamu zilitoka kwa siri CIA, zikipitia kwa mtayarishaji Louis de Rochemont, na wenye fedha hawakuwa na haja ya picha inayosema kwamba bwana wa Magharibi na nguruwe wa Mashariki wanafanana. Orwell alikuwa amefariki Januari 1950, hivyo hakuulizwa. Husimuliwa kwamba mjane wake, Sonia, alikubali kuuza haki kwa sharti la kukutanishwa na Clark Gable. Kama ni kweli, hiyo ndiyo mahari ya ajabu zaidi kuwahi kulipwa kwa ajili ya nguruwe. Filamu ya televisheni ya mwaka 1999 nayo iliona aibu kuishia dirishani: utawala wa Napoleon, nguruwe mkuu, unaporomoka na wamiliki wapya wanawasili kwa gari. Andy Serkis, aliyeionyesha yake Annecy, Ufaransa, Juni 2025, Napoleon akiwa na sauti ya Seth Rogen, ameongeza kitoto cha nguruwe kiitwacho Lucky ambacho dhamiri yake ndiyo inayoibeba hadithi. Filamu tatu, na hakuna hata moja iliyothubutu kutuacha pale dirishani.

Wanaobishana juu ya filamu hizi wamegawanyika kama ndugu kwenye mpaka wa shamba. Wa mrengo wa kushoto wanasema kitabu cha msoshalisti kimegeuzwa fimbo ya kuupigia usoshalisti. Wa mrengo wa kulia wanalia kwamba filamu mpya imeuacha ukomunisti na kuwarukia matajiri. Kila upande una hoja, kwa kuwa Orwell alikuwa msoshalisti aliyewachukia wadhalimu waliojiita wasoshalisti, na mtu wa namna hiyo huwaudhi wote kwa zamu. Lakini naona wanapigania viazi huku gunia limekwenda. Filamu iliharibu kazi mapema, tangu ilipompa Napoleon uso, na huo mwisho uliobadilishwa ulifuata tu.

Mpe kitabu hiki msomaji yeyote wa Gusii na utaona kazi ambayo uso huo unaivuruga. Wa Bobasi akifika ukurasa ambao nguruwe wanajigawia maziwa na matofaa, tayari anamjua Napoleon: ni wa Nyaribari. Wa Nyaribari naye hana shaka kwamba Napoleon ni wa Bobasi, na Squealer ni msemaji wake, yule mwenye suti ya kubana. Wa Kitutu Masaba atawagawa nguruwe wote kati ya Mugirango Magharibi na Mugirango Kaskazini, asibakize hata mmoja nyumbani. Nyamira kwenyewe, ambako mvutano wa kiti cha spika ulizaa vikao viwili vya bunge moja la kaunti, kimoja kikiitwa Bunge Mashinani, msomaji ana uhuru zaidi, maana anaweza kuwa na mashamba mawili na Napoleon wawili. Kazi hii ya kugawa sura huanza kwa uchoyo na ukabila mdogo wa wodi, lakini haiishii hapo. Msomaji mwaminifu akiendelea, kuna siku mheshimiwa wake mwenyewe, yule aliyemchangia harambee, anageuza shingo kwa namna fulani na sura inateleza. Tukio la dirishani ndilo hilo, na hutokea kichwani mwa msomaji bila kuongozwa na mtu. Kwenye skrini Napoleon ni dume jeusi la Kiingereza lenye mashavu yanayoning'inia. Wa Bobasi na wa Nyaribari wanamtazama, wanapumua kwa pamoja: hafanani na mtu wetu. Wanakwenda kunywa chai.

Serikali zetu zililielewa jambo hili kabla ya wahakiki. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa Matigari kwa Kikuyu mwaka 1986, ikavuma kwamba kuna mtu wa jina hilo anayezunguka nchini akiulizia ukweli na haki. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, polisi waliagizwa kumkamata, na walipogundua kwamba ni mtu wa kitabuni, mwaka 1987 wakavamia maduka ya vitabu wakakikamata kitabu. Tunalicheka tukio hilo kama upumbavu wa polisi, lakini hofu yao haikuwa ya kijinga. Mhusika asiye na uso anaweza kuwa kila abiria kwenye kila gari. Laiti ingekuwa filamu, kazi ingekuwa nyepesi: wangemkamata mwigizaji, wakamtoza faini, mchezo ukaisha. Igizo la jukwaani la Shamba la Wanyama lenyewe lilipigwa marufuku nchini mwaka 1991, ingawa nguruwe wa jukwaani alikuwa ni Mkenya aliyefungwa mkia wa kamba. Sura ya Mkenya ilikuwa karibu mno.

Kuna pia tatizo la mnyama mwenyewe. Orwell aliwaandikia Waingereza, watu wanaoamka na kipande cha nguruwe kwenye kikaango, na alitaka wamwamini kwanza kabla ya kumchukia. Gusii ina Wasabato wengi tangu siku za misheni ya Nyanchwa, na kwa Msabato nguruwe ameshahukumiwa katika Mambo ya Walawi. Anapojitokeza kwenye skrini na kuanza kutoa hotuba, nusu ya ukumbi haina haja ya kusubiri afisadike. Mnyama najisi amepanda jukwaa, mlitegemea nini? Wakatoliki wa Nyabururu watamvumilia kidogo, ila kwa macho ya mtu anayekadiria kilo. Kwenye kitabu neno "nguruwe" huchujuka haraka likawa jina la cheo tu, ukasahau kwato. Kwenye filamu kwato ziko pale muda wote. Na Boxer? Farasi kwetu ni mnyama wa picha. Anayepandisha maji, matofali na mikungu ya ndizi kwenye vilima vya Kisii ni punda, na msomaji wa huku humbadilisha Boxer kuwa punda bila kuomba ruhusa ya mtu. Akifika kwenye gari la mchinjaji hahitaji maelezo. Anakumbuka machinjio ya punda yaliyofunguliwa Naivasha na Mogotio, ngozi zikisafirishwa China, punda wakiibwa usiku, hadi serikali ilipotoa amri ya kusitisha biashara hiyo Februari 2020. Filamu inamnyang'anya punda wake na kumpa farasi wa Uingereza, kisha inamtaka alie. Kulia atalia, lakini kama mtu aliyekwenda matanga ya jirani wa mbali.

Hasara kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni Squealer. Kitabuni yeye husoma takwimu: uzalishaji umepanda kwa asilimia mia mbili, mia tatu, mia tano, na wanyama wanaona kwamba wangependa tarakimu zipungue kidogo na chakula kiongezeke. Mkulima wa chai wa Nyansiongo, Kebirigo au Ogembo anaijua sauti hiyo vizuri. Kila mwaka, bonasi inapotangazwa mwezi wa Septemba au Oktoba, husikia kwamba wenzake wa mashariki mwa Bonde la Ufa wamelipwa zaidi kwa kilo, halafu huelezwa juu ya mnada wa Mombasa, chai isiyouzwa, ubora wa majani na bei ya dola. Na hapa nataka kuwa mwadilifu: huenda kila neno la maelezo hayo ni kweli. Hofu ya Squealer iko papo hapo. Unayesimama na kikapu mgongoni kwenye kituo cha kununulia majani huna mzani wa kumpimia, awe anadanganya au anasema kweli. Wachoraji wa katuni wamemfanya mviringo, mwenye sauti ya kuchekesha, mwongo anayeonekana mwongo kutoka ng'ambo ya mto Gucha. Uongo wa namna hiyo haujawahi kumlia mtu bonasi.

Nitaambiwa kwamba watu hawasomi, na kwamba filamu yenye kasoro ni bora kuliko kitabu kilichofungiwa kabatini pamoja na chaki. Hoja hii ni nzito na siikwepi. Nasema tu kwamba Afrika Mashariki haijawahi kutazama filamu jinsi ilivyotengenezwa. Tanzania ilikuwa na msimulizi wa filamu Lufufu, Uganda ina VJ Jingo, na sisi tuna DJ Afro, ambaye sauti yake imeziba filamu za Wachina na Wamarekani kwenye matatu na vibanda vya video hadi watazamaji wengine hawamjui mwigizaji mkuu ila kwa jina alilobandikwa naye. Jasusi wa Moscow anaweza kuanza kulalamikia bei ya unga, na hakuna anayeshangaa. Msimulizi wa aina hiyo huwarudishia watazamaji kazi ya kugawa sura, kwa kelele lakini kwa uaminifu. Na inapendeza kwamba filamu ya 1954, pamoja na dhambi zake, ilifanya vivyo hivyo bila kujua: sauti za wanyama wote zilitoka kwa mtu mmoja, Maurice Denham. Nguruwe, punda na kondoo walishiriki koo moja. CIA waliwaondoa binadamu mezani wakadhani wamefuta ule mfanano, na muda wote mfanano ulikuwa unapita masikioni mwao.

Wa pili ataniuliza kwa upole, labda ni mwalimu: mtoto wa miaka kumi na minne umwache pale dirishani, gizani, bila tumaini? Filamu angalau inamwonyesha wanyama wakiinuka tena. Ningemwomba mwalimu atazame vizuri hilo tumaini. Wanyama wanaivamia nyumba, mkandamizaji anaanguka, shangwe. Tukio hilo lipo kitabuni, tena limeelezwa vizuri zaidi. Liko sura ya pili, Jones anapofukuzwa. Wenye fedha walilipia mwisho wakauziwa mwanzo. Sisi Wakenya tulilicheza Desemba 2002, tulipouondoa utawala wa zamani kwa kura, tukaimba hadi sauti zikakauka, na tulilicheza tena mwaka 2013 tulipofungua nyumba za shamba 47, yaani serikali za kaunti, ili kila mmoja awe karibu na dirisha lake. Sisemi ilikuwa kazi bure. Barabara zimefika mahali ambapo hazikuwahi kufika, na anayetaka kuchungulia siku hizi haendi Nairobi. Nasema tu kwamba mtoto aliyeonyeshwa shangwe kama mwisho atakuwa amelala maziwa yanapopotea.

Ndiyo sababu, nikipewa kuchagua kati ya wakurugenzi wote waliowahi kuigusa hadithi hii, nitachagua ajali. Umeme ukikatika dakika tano kabla ya mwisho, wakati nguruwe wako mezani na sauti zimeanza kupanda, ukumbi mzima utabaki gizani ukiulizana nani amemwibia nani, na hapo Orwell atakuwa ametendewa haki kuliko alivyotendewa na studio yoyote. Abiria wa Keroka amepata karibu kiasi hicho: ana Boxer, ana gari lililoondoka, na ana kilomita kadhaa za kutembea akiwatazama watu wa sokoni mmoja mmoja usoni. Wa Kisii ameshuka stendi akiwa ametulia, nguruwe wameshindwa, kila kitu shwari. Nyuma yake makanga anafuta viti, anaita Bomet, Narok, Nairobi, na kwa kuwa abiria wapya wameanza kuingia, anairudisha filamu mwanzo.