Pango la Sauti za Bundi

Ng'ambo ya bahari kuu, upande wa machweo, palikuwa na msitu ambao wakazi wake walijaaliwa shibe na usingizi mwema, na kwa kuwa aliyeshiba hakosi cha kutamani, wakamwajiri Bundi awatie hofu kila walipomaliza kula. Bundi huyo alikuwa na kitambi kikubwa na maneno mazito. Kwanza kilitangulia kivuli chake, kikatambaa taratibu hadi kikajaa sawasawa ndani ya mchoro wa umbo lake ukutani, huku ngoma ikipiga wimbo wa mazishi ya mwanasesere. Kisha akatokea mwenyewe, akawatakia wasikilizaji jioni njema, akawasuta matajiri waliomlipa, na simulizi ikaanza. Wazee walimpa sharti moja, kwamba mwovu asiachwe akatamba. Basi hata simulizi ilipokwisha muuaji akiwa amestarehe, Bundi alirudi akaeleza kwa maneno machache kuwa naye alinaswa.

Kwa miaka 7 simulizi zilikuwa za nusu saa, zikatimia 268, na katika hizo Bundi alizisimamia kwa mkono wake 17, nyingine zote akawaachia wasaidizi. Mojawapo ya hizo 17 ilimhusu tajiri aliyemdharau mtumishi kwa kulia alipofukuzwa kazi. Baadaye tajiri huyo akapata ajali, viungo vikamkauka, akalazwa pamoja na maiti akiwa hai, na kilichomwokoa ni chozi moja lililomtoka kabla hajafunikwa. Hapakuwa na radi wala mayowe. Msitu mzima ulishika pumzi kwa ajili ya tone la maji.

Mwaka wa 8 wenye mali wakataka saa nzima, na uji ukaongezwa maji. Simulizi hizo ndefu zilifika 93, ya mkono wa Bundi ikawa moja tu. Mwaka wa 10 msaidizi wake mmoja akaleta ile ya nyumba ya kilimani, ambamo kanga wawili wauguzi walimkesha mgonjwa wa moyo aliyepumua kwa mtungi, mpishi akiwa amelewa, na nje anazunguka kicheche anayewanyonga wauguzi. Mvua ikanyesha, radi ikapiga, taa zikazimika, radi ikapiga tena. Sitawatetea wasaidizi wa Bundi katika hili: radi zilizidi. Mwisho ikabainika kwamba mmoja wa wale kanga ndiye kicheche, amevaa manyoya ya yule aliyemuua.

Bundi akafa, matajiri wakafa. Ila pango la msitu ule lilikuwa na tabia ya kuhifadhi sauti, na vizazi vilivyofuata vilipoingia na kunyamaza, simulizi zilisikika upya, kuanzia ngoma ya mwanasesere hadi neno la mwisho. Shida ni kunyamaza. Usiku ilipofika zamu ya nyumba ya kilimani, Kima alianza kucheka kwenye radi ya kwanza, na ya tatu ilipopiga akajigaragaza chini akiomba ihesabiwe. Sungura hakungoja hata nusu. “Nilimjua tangu alipoingia,” akasema, “sikilizeni sauti yake,” na kila aliposema aliwatazama wenzake, si kivuli ukutani. Kasuku akatangaza kwamba nyumba yenyewe ni ileile aliyoitumia Bundi katika simulizi yake kubwa miaka 5 kabla, kwa hiyo hapo pana kiporo kilichopashwa moto.

Hondohondo peke yake alileta neno zito. Aliuliza kwa nini kila dume avaapo manyoya ya jike katika simulizi za zamani, chini ya manyoya lazima awepo mnyongaji, na ni wangapi wasio na hatia waliotazamwa kwa jicho baya kesho yake. Swali lile lilistahili usiku mzima. Lakini Kima alikuwa amefika radi ya tisa, na jibu likazama katika vicheko.

Katika kelele hiyo hakuna aliyesikia dirisha. Lilikuwa dirisha dogo la ghala ya chini, nalo lilikuwa wazi kabla ya radi kuanza. Wauguzi walipita nyumba nzima wakitia makomeo, hilo moja wakalisahau. Digidigi, mtoto wa juzi, ndiye aliyeona miguu yake inatetemeka. Akaomba watu wanyamaze kidogo. Sungura akamuuliza kama bado ananyonya, na yule mtoto akainamisha kichwa, akajilazimisha kucheka pamoja nao, kicheko kikavu kisichofanana na umri wake.

Mimi nililia kwa ajili ya kicheko kile kuliko kwa kanga aliyenyongwa.

Kesho yake jioni pango lilikuwa tupu, kwa maana wakubwa walishaitolea hukumu simulizi na hawakuona la kurudia. Digidigi akaingia na babu Kobe, ambaye alikuwepo tangu usiku wa kwanza, enzi za Bundi mwenyewe. Wakaketi wawili bila neno. Radi zikapiga, nyingi mno kama zilivyokuwa, wakaziacha zipite. Kisha pakawa kimya, na kutoka ghala ya chini ukasikika ubao ukigonga fremu polepole, ko, ko, ko.

“Babu,” akanong'ona Digidigi, “lilikuwa wazi muda wote?”

Kobe, aliyekuwa ameisikia simulizi ile mara zisizo na idadi, alikuwa amekwisha kuingiza kichwa ndani ya gamba.