Barua ya Wazi kwa Bunge la New South Wales

Waheshimiwa Wabunge,
Sydney, Australia.

YAH: PONGEZI KWA BIMA INAYONGOJA MSIBA



Nimeisoma Sheria yenu ya Ujenzi wa Nyumba ya mwaka 1989, pamoja na viraka vyake, nikaona si uungwana kunyamaza. Mjenzi akipata kazi ya nyumba inayozidi dola 20,000, lazima amkatie mteja bima kabla ya kupokea fedha zake. Ada yenyewe, bila shaka, huishia kwenye bei anayolipa mwenye nyumba. Hadi hapo, hongereni.

Utamu unaanza maji ya bafuni yanapopenya chini ya vigae na kutokea chumbani, zulia likaanza kunuka. Mwenye nyumba anampigia mjenzi. Mjenzi anasema atakuja Jumatatu. Jumatatu ipi, hasemi. Basi bima inakumbukwa, nayo inauliza: Amefariki? Ametoweka? Amefilisika? Hapana, waheshimiwa, yupo, buheri wa afya, jana kaonekana akipakia mbao kwenye gari jipya. Pole, hakuna dai.

Hivyo ndivyo mlivyoamua Julai 2002, mwaka uliofuata baada ya kampuni ya bima ya HIH kuanguka. Baadaye mkafungua mlango wa nne: mjenzi akisimamishiwa leseni kwa kukaidi kulipa alichoamriwa. Yaani ushtaki, ushinde, usilipwe, ndipo uhesabiwe mwenye bahati! Sijui bima nyingine inayomfanya mteja aulizie afya ya fundi wake kwa matumaini ya aina hii.

Nimependa pia mnavyopima nyufa. Kasoro kubwa ina dhamana ya miaka 6, nyingine 2. Lakini ili iitwe kubwa, haitoshi mkono kupita: lazima iwe kwenye kiungo muhimu cha jengo, na ifanye, au ielekee kufanya, nyumba au sehemu yake isitumike, ibomoke, au itishie kuanguka. Wenye nyufa za wastani wajitahidi.

Na wakazi wa maghorofa? Tangu mwisho wa 2003, majengo mapya ya makazi yanayozidi ghorofa tatu hayadaiwi bima hii kabisa. Nadhani mlifikiri anayeishi juu yuko karibu na Mungu, bima ya nini. Mkesha wa Krismasi 2018 jengo la Opal Tower, hapo hapo Sydney, lenye ghorofa 36, likapata nyufa, wakazi wakatolewa. Juni 2019 wakazi wa jengo jingine la Sydney, Mascot Towers, nao wakaamriwa kuhama.

Ombi langu ni moja. Mfuko wa bima wa jirani zenu wa Queensland hulipa mara mjenzi anaposhindwa kurekebisha kasoro, kisha mfuko wenyewe ndio unaomfuata mjenzi kudai fedha zake. Brisbane, mji mkuu wao, si mbali. Pandeni ndege mkaulize.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mpenda Paa Lisilovuja