Sifa za Ukoko wa Wavu

Miongoni mwa hazina za mji wa Kerugoya ambazo hazijapata kuandikiwa hata ukurasa mmoja, ukoko wa wavu wa nyama choma unastahili kutangulizwa. Kwa ukoko hapa hakukusudiwi ule wa wali unaogombewa na watoto, bali ule utando mweusi wa mafuta, chumvi na masizi unaoganda juu ya vyuma vya kuchomea nyuma ya bucha, kizazi baada ya kizazi cha mbuzi.

Ukoko huu ni mnyenyekevu, kwa kuwa haujawahi kudai mshahara. Ni mkarimu, kwa kuwa humpa mla mbuzi ladha ya mutura ya juzi, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu, bila kumtoza hata shilingi. Na nzi, ambao si wepesi wa kuheshimu chochote, huuzuru kila siku.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni utunzaji wa kumbukumbu. Mafuta yanapopashwa moto mkali juu ya chuma, molekuli zake hushikana na kuwa polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli usiokubali kuyeyuka tena, na hivyo kila mlo huweka tabaka lake juu ya tabaka la mlo uliotangulia. Mtaalamu mwenye patasi na subira angeanzia Jumapili iliyopita, akashuka hadi Krismasi, inayotambulika kwa unene, akapita kampeni za 2022, ambazo mafuta yake yalidumu kuliko ahadi zake, akafikia utepe mwembamba wa 2020, baa na mikahawa ilipofungwa kwa sababu ya korona, na mwisho, karibu na chuma chenyewe, akakuta uchaguzi wa 2013, uliozaa serikali za kaunti. Hakuna masjala, yaani chumba cha kuhifadhia mafaili ya serikali, iliyofikia uaminifu huo, kwa maana faili hupotea, hunyofolewa kurasa au huliwa na panya, ilhali panya akiuguguna ukoko huacha alama za meno, nazo zikaingia katika kumbukumbu.

Wapo wanaoutetea kwa dhati, wakidai kwamba hulinda chuma kisishike kutu na kwamba wavu uliosuguliwa hauna ladha. Dai hilo ni upuuzi. Kinacholinda chuma ni utando mwembamba sana wa mafuta yaliyokaukia juu yake. Ukoko mnene hushika chumvi na unyevu wa ule ukungu wa Julai unaoshuka kutoka Mlima Kenya, kutu ikala chini yake bila kuonekana, kisha ukabanduka vipande vipande na kushikamana na mbavu za mbuzi aliyelipiwa. Kazi inayotakiwa haizidi robo saa: wavu ukwanguliwe ungali moto, usuguliwe kwa majivu na maji, ukaushwe juu ya makaa, upakwe mafuta kidogo, na brashi ya waya iliyochakaa itupwe, kwa kuwa nyuzi zake hukatika na kuishia kooni mwa watu. Robo saa tu!

Robo saa hiyo haina mwenyewe. Mchomaji aliajiriwa kuchoma, mwenye bucha habanduki kwenye mizani, na mteja anatazama mpira. Hubaki mkaguzi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni kwa biashara zinazouza chakula na kuzidhibiti, na kwa ajili hiyo ukutani hutundikwa kibali cha biashara na vyeti vya afya vya wahudumu, kila kimoja ndani ya fremu yenye kioo kinachofutwa vumbi asubuhi na jioni. Mkaguzi, wa aina inayojulikana katika kila mji wa Mlima Kenya, hufika, husoma tarehe moja moja, hukuta zote hazijapita, hutia saini. Wavu ulio hatua chache nyuma ya ukuta huo huo hauna tarehe ya kwisha muda, kwa hiyo hauwezi kupatikana na kosa. Cheti kikichelewa wiki moja mwenye bucha huitwa ofisini kujieleza, ilhali ukoko wenye umri sawa na kaunti yenyewe haujapata kuandikiwa hata onyo.

Ukaguzi ukiangukia saa saba mchana, afisa huyo huvuta kiti, hunawa mikono kwa makini na kuagiza nusu kilo, ya kuchemsha.