Ngeli Tano za Kebo za Skrini

Kebo za skrini kwa kawaida hupangwa kwa ubora wa picha. Hapa tunazipanga kwa tabia: zinavyong'ang'ania tundu.

Uwanja wa uchunguzi ni Newtown, Johannesburg, mtaa unaojua kukaza nati. Turbine Hall ilikuwa ya kituo cha umeme, na kituo cha sayansi cha Sci-Bono kimo ndani ya karakana ya zamani ya umeme. Baadaye kumbi hizo zilipata projekta, na kila projekta huzua swali moja la kitaaluma: mtu akijikwaa, kitaanguka nini?

Ngeli ya kwanza, Skrubu. Humu mna VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, na DVI ya mwaka 1999. Hushika kupita kiasi. Ukifungua skrubu yake, pengine hutoka na nati ya pembe sita iliyopaswa kubaki kwenye kompyuta. Tangu hapo upande huo haukazi tena kwenye tundu jingine. Wavivu hawaikazi kabisa. Kichwa cha VGA kikilegea, pini ya buluu ikaacha kugusa, wageni wote waheshimiwa kwenye skrini huwa na sura ya manjano.

Ngeli ya pili, Ndoano. DisplayPort hung'ata kwa vijino viwili, na huachia ukibonyeza kitufe. Kitufe, kwa desturi, hutazama ukutani.

Ngeli ya tatu, Msuguano. HDMI ilibuniwa kwa ajili ya sebule, ambako kebo haina safari. Ukumbini, uzito wake wenyewe huivuta chini, na picha hupotea mgeni rasmi akisimama.

Ngeli ya nne, Mzungusho. BNC, kipenzi cha mafundi wa jukwaa: sukuma, zungusha robo, imekaa.

Ngeli ya tano, Tepu nyeusi. Haimo katika kiwango chochote cha kimataifa, ila imo sakafuni.

Kutokana na hayo tunapata Kanuni ya Mguu: teke halipotei, huhama tu. HDMI huitoa mhanga picha ili laptopu ipone. VGA iliyokazwa huilinda picha hadi laptopu inapofika chini nayo. Ngeli nne za mwanzo hubishana kuhusu mwisho wa kebo, ilhali mguu hupita katikati. Ni tepu pekee iliyokwenda kumngojea mkosaji huko huko anakopita.

Pendekezo: kaza kebo sakafuni kwanza, ndipo ubishane kuhusu tundu.