Tarehe ya Kurudi

Kuna swali ambalo mtu wa Nakivale haulizwi hivi hivi, akiwa amesimama: utarudi lini? Makazi yetu, huku wilaya ya Isingiro, yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Walitangulia Wanyarwanda, tukafuata Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na kila aliyefika amekwisha kuulizwa swali hilo na maofisa wa kila namna, wenye fomu za kila rangi. Jibu lake si fupi. Kwa hiyo binti wa maktaba moja ya mjini Mbarara alipomtazama mjomba wangu na kumwuliza kwa upole tarehe ya kurudi, mjomba aliweka mfuko chini, akavuta kiti, akaanzia mwaka 1996.

Simulizi ilikuwa imefika Uvira, waasi wakiwa bado ng'ambo ya Ruzizi, nilipomkatiza.

“Mjomba, anauliza habari za kitabu. Kitabu kitarudi lini?”

“Kitabu?” Akakigeuza mkononi, mbele na nyuma. “Hiki hata hakijaondoka.”

Nilikuwa nimefuatana naye kama mkalimani. Mjomba alifundisha shule ya msingi kule Kongo, kwa Kifaransa, na Kiingereza chake amekiokota katika masomo ya jioni hapa makazini. Kiswahili nacho mjini Mbarara kina mambo yake: wapo Wanyankore wanaokijua zaidi kama lugha ya askari, na ukimwambia mtu “njoo” anaanza kujiuliza amekosa nini. Binti yule alikuwa na maneno machache ya barabarani, nasi tulikuwa na “agandi” na “ni marungi”. Salamu zikaisha, tukabaki tunatazamana.

Kuelewana kulikuwa kumekwama tangu mlangoni. Kibao cha Kiingereza kilisema “library”, na kwa mtu aliyesoma Kifaransa neno linalofanana na hilo ni la duka la vitabu. Mjomba aliingia na noti zake zimefungwa ndani ya leso, na moyo umekwisha kujiandaa kwa mabishano. Akashika kamusi nene, akaikagua, akaona jalada limechanika.

“Elfu tano,” alisema. Binti akamwambia haiuzwi. “Elfu sita, kwa sababu umenipokea vizuri.” Akaambiwa tena haiuzwi, hapa watu wanasoma bure. Mjomba akageuka kutazama nyuma yake. Alikuwa anatafuta mstari. Kwetu kitu cha bure kina mstari, kina kadi, kina mashine ya kuweka kidole, na mbele kabisa kina mtu anayekuambia jina lako halionekani. Bure isiyo na mstari ilimtia wasiwasi.

Alitulia alipoambiwa kwamba lazima aandikishwe. Hapo alikuwa nyumbani. Alitoa bahasha ya plastiki ambayo wakimbizi wote wanayo na hulala nayo karibu kuliko mto: kitambulisho, karatasi ya familia yenye picha zetu tukiwa tumenuna, barua ya mwenyekiti, kadi za chanjo za watoto ambao sasa wana ndevu. Binti alihitaji kitambulisho na mdhamini tu. Nadhani mjomba alihuzunika kidogo kwa karatasi zilizobaki bila kazi.

Kisha tukaelezwa habari za nambari. Kila kitabu kina nambari yake mgongoni, na Waingereza wanaiita kwa jina ambalo, ukilisikia haraka, unadhani ni nambari ya kupiga simu. Mjomba alitaka vitabu vya fasihi ya Kiswahili, akaandikiwa 896.392. Akatoa simu yake. Nilimkuta karibu na dirisha akilalamika kwamba tarakimu hazitoshi, huenda wamesahau 07 ya mwanzo.

Mfumo wa nambari hizo aliuchapisha Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, akiwa kijana wa miaka 24. Maarifa yote ya binadamu aliyagawa mafungu kumi, 000 mpaka 900, kila fungu likapasuliwa tena na tena. Mimi naupenda mfumo huu, maana ndani yake hakuna kitu kisicho na anwani. Lakini unaonyesha wazi aliyepima viwanja alikuwa mtu wa wapi. Katika fungu la 200, la dini, Ukristo umenyoosha miguu tangu 220 mpaka 280 na ushee, na Uislamu wote umekalishwa kwenye 297. Nilipomsimulia jirani yetu Msomali nilitegemea atakasirika. Akacheka. “Si kama viwanja vya hapa? Aliyefika kwanza ndiye anayenyoosha miguu.”

Nilitafuta na sisi tumewekwa wapi. Wakimbizi wako 362.87. Huko nyuma kidogo, 362.1, wako wagonjwa. Ukisogea mbele unakutana na uhalifu kwenye 364, halafu magereza kwenye 365. Mjomba aliitazama rafu hiyo kwa muda mrefu, akasema mpangaji huyo lazima aliwahi kufanya kazi ofisi ya serikali.

Kamusi aliyotaka kuinunua ilikuwa ya sehemu ya marejeo, yaani vitabu vya kusomwa palepale, visivyotoka nje hata kwa mdhamini. Nikatafsiri. Mjomba aliona ajabu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea nchini, na makazi yetu hayana ukuta wala lango la kutuzuia. “Kumbe aliyefungiwa kambini ni kamusi,” alisema, akairudisha mahali pake na kuisawazisha kwa kiganja, kama unavyomfunika mtoto wa watu.

Habari ya faini ilikuwa fupi. Tangazo la ukutani, kwa Kiingereza, lilionya kuhusu “fine” kwa wachelewaji, na mjomba, ambaye katika masomo ya jioni amefundishwa kwamba neno hilo ni jibu la “habari yako”, aliona ni maktaba yenye adabu sana. Hata ukichelewa wanakujulia hali.

Siku ya kurudisha kitabu tulipanda teksi alfajiri, tumebanwa kati ya mikungu ya matoke, vumbi likiingia na abiria wakiwa hawatoki. Tulimkuta binti katikati ya marundo ya vitabu sakafuni. Alisema wiki hiyo wanapalilia. Mjomba ana shamba la maharage na mahindi, na hilo ndilo neno la kwanza alilolielewa bila msaada wangu. Akasema angeambiwa mapema angekuja na jembe.

Binti akaeleza, nami nikaeleza baada yake. Kila baada ya muda maktaba inaondoa vitabu ili vipya vipate nafasi: vilivyochakaa, vilivyopitwa na wakati, na vile ambavyo vimekaa miaka na miaka bila mtu kuviulizia.

“Bila mtu kuviulizia,” mjomba alirudia. “Basi waje waanze na faili langu la prosesi.”

Binti hakuelewa, na sikuitafsiri. Prosesi ni safari ya kuhamishiwa nchi ya tatu, na faili la mjomba limekaa mahali fulani tangu watoto wa zile kadi za chanjo hawajaota ndevu. Lakini nadhani sura yake ilitosha, kwa sababu tuliondoka na katoni moja ya vitabu vilivyopaliliwa, bure, na safari hii hakutafuta mstari.

Sasa mjomba ana maktaba. Ipo katika sanduku la bati chini ya kitanda, na ina sheria kali kuliko ile ya Mbarara. Nambari ameziacha kama zilivyokuwa. Biblia ya ukoo ameiweka sehemu ya marejeo. Anayetaka kuisoma anakaa mlangoni. Mwazimaji anajiandikisha kwenye daftari la shule, anataja mdhamini, na anaulizwa maswali mengi kuhusu mahali alipotoka ambayo hayana uhusiano wowote na kitabu. Tarehe ya kurudi mjomba haandiki. Anaandika tu siku kitabu kilipotoka, na wiki mbili zikipita anaanza kuhesabu faini: kikombe kimoja cha maharage kwa kila wiki, yanayohifadhiwa kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko.

Mdaiwa mkubwa ni mkewe. Aliazima kitabu cha ufugaji wa kuku, 636.5, na amegoma kukirudisha mpaka kuku wake waanze kutaga kama wale wa kwenye picha. Hata hivyo hajawahi kukosa faini. Kila Jumamosi anafunua ile ndoo nyeupe, anachota kikombe kimoja kilichojaa sawasawa, anampelekea mjomba. Mjomba anakikagua, anakimwaga ndoani, anaandika “amelipa”, na wote wawili wanatia sahihi.