Heko kwa Walinzi wa Nyaraka

Acheni kulalamika eti mwanafunzi wa historia kutoka Kitengela amenyimwa haki ya kusoma nyaraka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walitua Zanzibar mwaka 1863, wakafika Nairobi 1899, na barua zao nyingi za enzi hizo zimetulia Chevilly-Larue, karibu na Paris, ambako mchwa wa Kajiado hawana viza. Huo ndio uhifadhi! Zingekuwa hapa, si kila kijana mwenye nauli ya matatu angezisoma?

Mwanafunzi wetu naye kapata uanagenzi wa heshima papa hapa: anachemsha chai, anapanga viti vya mkutano, na fomu ya chuo tayari imegongwa muhuri kwamba amebobea katika nyaraka. Ada ya uanagenzi alilipa mapema. Ufunguo wa kabati la nyaraka ungali unatafutwa.