Taarifa ya Davos kwa Wanabaraza wa Jaws Corner

Wanabaraza wa Jaws Corner, Mji Mkongwe, wanaarifiwa kutoka Davos, Uswisi, kwamba Waunguja walioko huku ni wazima, na kwamba swali lao, kwa nini watu wenye akili zao hupanda milima inayoporomoka, limefikishwa kwa wenyeji, ambao walilijibu kwa ufasaha mkubwa pasipo kumridhisha yeyote.

Theluji haianguki mlimani ikawa kitu kimoja, bali hujilaza tabaka juu ya tabaka, na aghalabu katikati au chini hujificha tabaka dhaifu, yaani lile ambalo chembe zake zimekua kubwa zikakataa kushikana, mithili ya sukari iliyomwagwa kwenye sinia. Upepo nao huongeza mzigo, na hapa manahodha wa Unguja wangekuwa walimu, kwa kuwa theluji huzolewa upande wa joshini, unaopigwa na upepo, ikarundikwa upande wa demani, uliokingika, hata ikafanya bamba linaloonekana madhubuti kuliko lilivyo. Katika mteremko wa nyuzi 30 au zaidi, uzito wa mtu mmoja waweza kulivunja tabaka lililo chini, na bamba zima likashuka pamoja na mgeni wake. Ndiyo maana wengi wanaofukiwa huko nje ya njia rasmi hufukiwa na poromoko walilolianzisha wenyewe au wenzao.

Si kwamba hawaonywi. Taasisi ya utafiti wa theluji iliyopo Davos hutoa taarifa saa 11 jioni na, katikati ya majira ya baridi, tena saa 2 asubuhi, ikiigawa hatari katika daraja 5. La ajabu ni daraja la 3, linalohusika na takriban nusu ya vifo, kwani msomaji aonapo 3 kati ya 5 hujihesabu amefaulu mtihani, akabeba chepe, fimbo ndefu ya kuchokolea theluji na kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa, akaondoka na bashasha. Vifaa hivyo, ikumbukwe, humfaa mwenzake, maana aliyefukiwa hana awezalo, na zikipita dakika 10 matumaini hushuka kwa kasi.

Theluji ikianguka nyingi usiku, alfajiri wataalamu hulipua baruti ili kuliteremsha bamba kabla halijapata mtu. Muunguja anayeisikia milio hiyo tarehe 12 Januari husimama wima kwa heshima ya Mapinduzi, na huanza kuingiwa na shaka inapopita mizinga 21.